Buluu ya Wilaya ya Kindoro

Ipo nchi moja, si mbali na si karibu, yenye watu wapole na serikali yenye nia njema kupita kiasi. Jina lake silitaji, kwa kuwa wenyewe wamelibadilisha mara nyingi na sina hakika wiki hii inaitwaje. Huko ndiko aliko Bi Kidawa wa Wilaya ya Kindoro, mfumaji wa vitambaa, mwanamke wa mikono myepesi na maneno machache, dada wa mtu mkubwa serikalini. Yaliyompata nayasimulia kama yalivyo. Na asije mtu akasema nimeisema serikali vibaya, maana nimekusudia kuisifu kila nitakapopata mwanya.

Mambo yalianza na meli. Nchi rafiki iliwaletea zawadi ya meli ya vita, ya kijivu, ndefu kama mtaa, yenye mizinga miwili ya kupiga na mmoja wa kupendezesha. Waliipokea kwa ngoma. Kasoro yake ilikuwa moja tu, nayo ndogo: nchi ile haina bahari. Haina hata ziwa. Meli ilifika kwa malori, vipande vipande, ikaungwa katikati ya uwanja wa mpira wa mji mkuu, na kwa kuwa meli isiyo na wakubwa ni chuma tu, wakateuliwa maadmirali. Kila asubuhi maadmirali walipanda ngazi, wakapiga saluti, wakatazama mbali hadi kwenye ukuta wa uwanja, kisha wakateremka kwenda kunywa chai. Timu za mpira zilijifunza kucheza kwa kuizunguka, na magoli yakapungua sana.

Kilichobaki kilikuwa kuitafutia maji. Lakini serikali yenye adabu haitoki hivi hivi ikawaambia watu kwamba inatafuta mahali pa kugharikisha. Ilianza kwa kuwapenda. Ikatangaza kwamba kila wilaya itakuwa na kitambaa chake.

* * *

Tangazo lilisomwa Kindoro siku ya gulio. Aliyelisoma ni Waziri wa Rangi na Utulivu mwenyewe, Mheshimiwa Daktari Pazi Mwinyimvua, mtu mnene wa sauti nyororo, ambaye hulia kila anapotaja neno wananchi, na leso yake huwa ameshaitoa mfukoni kabla hajalitaja.

"Ndugu wananchi," alisema, akajifuta, "kwa muda mrefu mmekuwa mkivaa chochote. Mtu wa Kindoro akipita mjini, nani atamjua? Kuanzia leo mtajulikana. Kila wilaya itafuma mirabaraba yake, kwa rangi zake na mpangilio wake wa mistari, na wilaya nyingine ikiuiga mpangilio huo itakiona cha moto."

Watu walishangilia. Tangazo lilikuwa na vifungu vitatu. Cha kwanza kilisema kila rangi iwakilishe kitu kilichopo wilayani, na upana wa mstari ulingane na ukubwa wa kitu hicho. Hicho kilisomwa kwa kipaza sauti, kikarudiwa. Cha pili kilisema anayevaa kitambaa amekiri yaliyomo kwenye kitambaa. Hapo betri za kipaza sauti ziliisha nguvu. Cha tatu kilisema ikitokea ardhi na kitambaa havilingani, ardhi itarekebishwa, nacho kilisomwa chote, bila kurukwa neno, wakati pilau inagawiwa. Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema serikali ilificha kitu. Bi Kidawa alikuwa ameketi mbele kabisa na vyote vitatu vilipita masikioni mwake, ila muda wote alikuwa akimtazama mdogo wake.

Mdogo wake, Shaweji, aliketi kulia kwa Waziri, ndani ya suti, na cheo chake kilikuwa Katibu Mkuu wa Mistari. Mama yao alifariki Shaweji akiwa bado wa kubebwa, na aliyembeba baada ya hapo ni Kidawa. Alimbembeleza akilia, akamfundisha kusimama kwa kumshikisha ukingo wa kitanda cha kufumia, akamvusha mto Kivumo mgongoni kila siku ya shule, mpaka alipomzidi dada yake urefu na bado anataka kubebwa. Leo mtoto yule anamnong'oneza waziri sikioni, na waziri anaitikia kwa kichwa. Kidawa alijiona tajiri. Pilau yake ilipoa bila kuguswa.

* * *

Kazi ya kukifuma kitambaa cha wilaya aliachiwa yeye, kama ilivyotazamiwa. Majirani walijazana uani kwake kusema nini kiwe rangi gani. Kijani iliwekwa kwa ajili ya vilima, na hapo hakukuwa na ubishi. Buluu ilikuwa ya mto Kivumo, nayo ilipewa nyuzi chache, kwa sababu Kivumo wakati wa kiangazi unauvuka bila kunyanyua nguo. Ubishi uliletwa na Mzee Likoko, mfugaji, ambaye alitaka mstari wa mbuzi wake.

"Mbuzi wangu ni wengi kuliko miti ya mlima ule," alisema. "Kama miti imepata mstari, na wao wapate."

"Mzee Likoko, mbuzi wanahama," alisema Kidawa. "Kitambaa hakihami."

"Mimi sijawaona mbuzi wangu wakihama. Nimewaona mawaziri."

Akapewa uzi mmoja mweupe, wa pembeni. Aliondoka ameridhika nusu.

Mstari mpana kuliko yote ulikuwa wa hudhurungi. Hiyo ndiyo rangi ya Bonde la Ulezi, bonde ambalo watu wa Kindoro wanalima humo, wanakaa humo, na wakifa wanazikwa humo humo. Kidawa aliipika rangi hiyo kwa mizizi, kama alivyofundishwa na mama yake, akarudia na kurudia hadi ilipofanana na suke la ulezi lililokomaa. Mirabaraba ina tabia yake: rangi mbili tofauti zikikutana zinachanganyika, kila moja inaonekana nusu nusu, lakini rangi ikikutana na yenyewe, pale panakuwa rangi hiyo tupu. Kwa hiyo katikati ya kila mraba wa kitambaa kile palikuwa na kipande cha hudhurungi safi, kikubwa kama kiganja.

"Hapa ndipo tulipo," Kidawa aliwaambia majirani, akigusa kipande kimoja. "Na hapa kwenye kona, tuseme, ndipo alipolala Mama."

Walikipenda. Mzee Likoko alitafuta mbuzi wake, akawaona, akanyamaza.

* * *

Shaweji alikuja kukikagua. Alikuja na gari la serikali lenye bendera, akavua viatu mlangoni, na hilo la viatu lilimfurahisha dada yake kuliko gari.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekonda."

"Nimenenepa, dada. Kila mtu anasema."

"Hao hawakujui."

Akala, akashiba, akakitandaza kitambaa mapajani. Alikisifu kwa maneno marefu ya kikazi: kina mizania, kina ustahimilivu, kina mwelekeo. Kisha akaguna kidogo.

"Ila buluu yake imekaa kinyonge."

"Mto wenyewe mnyonge."

"Kwenye picha haitaonekana, dada. Mheshimiwa Mkuu wa Wakuu anazitazama picha kwa mbali. Ingepanuliwa."

"Kifungu kinasema upana ulingane na kitu chenyewe. Kivumo hauzuii hata mbuzi."

Shaweji hakubisha. Alipitisha kidole juu ya uzi wa buluu, na aliposema tena sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Unajua, dada, mimi sura ya Mama siikumbuki. Nakumbuka mbeleko tu. Ya buluu. Nakumbuka ile buluu ikiwa karibu kabisa na macho yangu, na joto la mgongo wake."

Mbeleko ya mama yao haikuwa ya buluu. Ilikuwa hudhurungi, na Kidawa anaijua kwa sababu ilichanikia mgongoni kwake yeye mwenyewe. Neno lilimfika ulimini. Lakini miaka yote ile mdogo wake hakuwahi kusema kwamba anakumbuka chochote cha Mama, na jambo hilo lilikuwa likimwumiza Kidawa kuliko alivyowahi kumwambia mtu. Alimtazama, mtu mzima mwenye cheo, ameshika uzi.

"Buluu gani?" aliuliza.

"Kama hii."

"Basi ilikuwa buluu," alisema Kidawa, na alimpa neno hilo kama mtu anavyomhamishia mtoto nyama kutoka sahani yake.

Kesho yake alikifumua kitambaa. Mirabaraba haipanuliwi upande mmoja. Ukiongeza nyuzi kwenye mtande, zile za urefu, ni lazima uziongeze na kwenye mshindio, zile za kukata, la sivyo miraba inapinda na kitambaa kinaonekana kimelewa. Na kitambaa kina upana wake. Ukiongeza huku, unapunguza kule. Buluu ilipotanuka, hudhurungi ilisogezwa, ikabanwa, ikaishia kuwa ufito mwembamba wa pembeni, jirani na mbuzi wa Mzee Likoko. Na pale katikati ya mraba, ambapo mwanzoni hudhurungi ilikutana na hudhurungi, sasa buluu ilikutana na buluu, pakawa buluu tupu. Kidawa aliliona hilo. Alijiambia kuwa kitambaa ni kitambaa, na bonde liko pale pale nje ya mlango.

Watu wa Kindoro, na hapa siwezi kuwatetea, walikipenda hiki cha pili zaidi. Maji ni kitu ambacho hawakuwahi kuwa nacho cha kutosha, na kuyavaa kuliwafanya wajione wamepandishwa cheo. Wengine walimwomba aongeze buluu kidogo.

* * *

Siku ya kukivaa, wilaya nzima ilivaa. Kulikuwa na mashati ya Kindoro, magauni ya Kindoro, vilemba, mikoba, nepi. Mzee Likoko aliwafunga mbuzi wake vitambaa shingoni, kwa kuwa alisema nao wamo. Wote waliambiwa wajipange bondeni, wasimame karibu karibu, na ndege ndogo ikapita juu kupiga picha. Picha hiyo ilitolewa baadaye kwenye magazeti. Ukiitazama kwa mbali, na Mheshimiwa Mkuu wa Wakuu aliitazama kwa mbali, unaona ziwa.

Waziri alipanda jukwaani, leso mkononi.

"Ndugu wananchi, kitambaa kinawatosha?"

"Kinatosha," waliitikia.

"Kinambana mtu yeyote, popote?"

"Hakibani."

"Mmekivaa kwa hiari yenu?"

"Kwa hiari yetu."

Waziri alilia kwa muda mrefu kuliko kawaida yake. Maadmirali, ambao walikuwa wamealikwa bila watu kuelezwa sababu, walipeana mikono. Kidawa alimtafuta Shaweji kwa macho ampungie mkono. Shaweji alikuwa akisoma karatasi ya ratiba, na aliisoma upande wa pili pia, ingawa ulikuwa mtupu.

* * *

Baada ya sherehe walikuja wapima ardhi. Badala ya ramani walibeba kitambaa. Wakakitandaza chini katikati ya mashamba, wakakiwekea mawe kwenye pembe, na kiongozi wao, kijana mstaarabu mwenye miwani, akakitazama kitambaa, akalitazama bonde, akarudi kwenye kitambaa.

"Hapa ardhi imekosea," alisema kwa upole. "Msiwe na hofu. Haikukusudia. Itarekebishwa."

"Imekosea nini?" aliuliza Mzee Likoko.

"Hapa panatakiwa pawe maji."

"Hapa ni shamba langu."

"Kwenye kitambaa shamba lako silioni, mzee."

"Tazama pembeni."

"Pembeni naona mbuzi," alisema kijana, akiinama vizuri ili asije akamwonea mtu. "Mbuzi wako wako salama kabisa. Wewe ndiye sikuoni."

Ukuta ulianza kujengwa kwenye ule mwanya mwembamba kati ya vilima ambamo Kivumo unapenya kutoka bondeni. Walipouliza ni ukuta wa nini, waliambiwa ni wa kuilinda buluu yao. Ulipofika urefu wa mtu, Kidawa alifunga mzigo mdogo akaenda mji mkuu.

* * *

Ofisi ya Katibu Mkuu wa Mistari ilitazamana na uwanja wa mpira, na dirishani lilionekana bomba la moshi la meli, limetulia, na kunguru juu yake. Shaweji alimpokea dada yake kwa mikono miwili, akaagiza chai na maandazi.

"Nilikuwa mbioni kuja kukueleza, dada."

"Hukuja."

"Kazi zilinibana. Lakini nakuomba usilichukulie jambo hili kwa hisia. Bonde halipotei. Linaboreshwa kuelekea chini."

"Na Mama naye anaboreshwa?"

Shaweji alikunja uso kama mtu aliyekwisha kulifikiria hilo na kulipatia jibu.

"Hilo tumelizingatia. Juu ya kaburi litawekwa boya. Linaelea, halizami, na maadmirali watalipigia saluti wakipita. Rangi yake utaichagua wewe mwenyewe. Nimelipigania sana hilo boya, dada."

Kidawa alikiweka kikombe chini. Kulikuwa na jambo moja tu alilotaka kulijua, na alikuwa amelibeba njia nzima.

"Mbeleko ya Mama haikuwa ya buluu," alisema.

"Aa, ile." Shaweji alicheka kidogo, si kwa ubaya. "Mimi mbeleko siikumbuki kabisa, dada. Nilikuwa mchanga. Ni kwamba kabla ya kutumwa mawilayani tulipelekwa semina. Tukafundishwa kuwa fundi akikataa, usishindane naye. Mtaje mama yake. Njia hiyo imefanya kazi karibu kila wilaya."

Alilieleza kama anavyoelezwa mtu namna ya kufungua kopo. Kidawa aliyatazama maandazi. Hakuumizwa na uongo, maana uongo wa wakubwa aliuzoea kama vumbi la kiangazi. Kilichomchoma ni kwamba yeye alijua, na akampa. Alichukua rangi ambayo haikuwahi kuwapo, akampa mdogo wake iwe kumbukumbu ya mama yake, ili katika dunia hii asiwe mtu asiye na chochote cha Mama. Naye aliipokea, akaikunja, akaipeleka ofisini.

"Kunywa chai, dada," alisema Shaweji. "Inapoa."

* * *

Serikali haikukataa kuwasikiliza watu, na hapa napata nafasi ya kuisifu. Kwa kuwa mahakama ilikuwa likizoni, Waziri mwenyewe alikuja bondeni kuwa hakimu, akawekewa kiti chini ya turubai la mirabaraba. Shaweji alisimama kando yake. Siku hiyo suti yake ilikuwa imeshonwa kwa kitambaa cha Kindoro kuanzia kola hadi pindo la suruali, ikampendeza, na Kidawa aliona aibu kwamba imempendeza.

"Mlivaa?" aliuliza Waziri.

"Tulivaa," walisema watu.

"Anayevaa amekiri. Mimi nafanyaje, ndugu wananchi?" Akajifuta.

Ndipo Kidawa aliposimama. Alikuwa amelizungumza jambo hilo na majirani kabla. Akavua gauni lake la Kindoro, chini akiwa amevaa kanga zake za siku zote, akaliweka gauni mbele ya Waziri. Akafuata Mzee Likoko na shati lake. Wakafuata wengine, nyumba kwa nyumba, kila mtu kwa heshima yake, ndani amevaa nguo yake kuukuu. Rundo la buluu likakua mpaka likafika magotini kwa Waziri.

"Tumevua," alisema Kidawa. "Hatukiri tena."

Waziri aliinama akashauriana na wasaidizi wake. Aliporudi alikuwa na huzuni iliyojaa ukarimu.

"Sheria yetu ni ya haki," alisema. "Ukivua, umejitoa. Lakini maadamu mzaliwa mmoja wa Kindoro bado amekivaa, wilaya bado imekiri."

Kila mtu akamtazama Shaweji.

"Hata hivyo," aliendelea Waziri, "nisije nikasemwa kwamba nawapendelea watu wangu. Bwana Katibu ameishi sana mjini. Uzaliwa si wa kujitangazia mtu. Ni lazima ndugu yake wa damu amtambue hadharani. Bi Kidawa, huyu ni mdogo wako?"

Shaweji alimgeukia dada yake na kutabasamu. Hakuwa na wasiwasi hata chembe. Tangu azaliwe hakuwahi kumwomba Kidawa kitu akakikosa. Kidawa aliliona lile tabasamu, na nyuma yake akaliona bonde lote, ulezi ukiwa umeanza kuwiva, na ile kona yenye kaburi. Neno moja lingelimaliza bonde. Neno jingine lingemmaliza yule mdogo wake ambaye alimvusha mto mgongoni, mchana wa jua na mchana wa mvua.

"Simjui," alisema.

"Mtazame vizuri."

"Nimemtazama vizuri. Mimi nilikuwa na mdogo wangu, naujua mpaka uzito wake. Huyu simjui."

Tabasamu la Shaweji lilibaki usoni kwa muda, halina mwenyewe. Nyuma yao mtu akapiga kigelegele, na bonde zima likaitikia. Mzee Likoko alirusha kofia juu. Kidawa hakupiga kigelegele. Alikaa chini palepale aliposimama, akashika kichwa, na akasubiri kusikia kwamba ukuta utabomolewa.

Waziri naye hakukasirika. Alilia kwa furaha.

"Kumbe ni afadhali zaidi," alisema. "Sheria inamtambua mtu mmoja tu: mzaliwa aliyetambuliwa ambaye amevaa kitambaa. Mliovua, mmejitoa. Aliyebaki, hajulikani. Kwa hiyo Wilaya ya Kindoro haina mtu hata mmoja. Na pasipo na mtu hapana wa kuulizwa, wala wa kulalamika, wala wa kupewa kiwanja kingine. Kusema kweli suala la viwanja lilikuwa likininyima usingizi." Akamgeukia Shaweji, akamshika bega kwa huruma. "Na wizara yangu, bwana, haiwezi kuajiri mtu asiyetoka popote. Utaiacha suti."

Akatoa ishara kwa leso, na kule ukutani mafundi wakaziba njia ya maji.

* * *

Yaliletwa malori kuwahamisha wale ambao hawakuwapo. Walipakiwa na vyungu vyao, kuku wao na vitanda vyao. Mbuzi wa Mzee Likoko walipewa lori lao peke yao, lenye kivuli, kwa kuwa walikuwamo kwenye kitambaa na haki zao zilijulikana. Malori yakapanda kilima polepole, na chini yao maji yakawa yanapanda pia, bila haraka, mfereji kwa mfereji, mpaka hudhurungi yote ikabaki ufito mwembamba pembeni.

Dereva alikuwa na redio. Ilitangaza kwamba ziwa la taifa limezaliwa, na kwamba maadmirali wameamrishwa kuiteremsha meli. Kisha ikatangaza, kwa sauti ile ile ya furaha, kwamba lango la uwanja wa mpira limeonekana kuwa dogo kuliko meli, na wataalamu wameshauri uwanja usiguswe, kwa kuwa ni urithi. Utafutwe ufumbuzi mwingine kwa utulivu.

Shaweji alikaa pembeni, ndani ya fulana na suruali ya kuazima ya Mzee Likoko iliyoishia juu ya vifundo. Hakuna aliyemtukana. Hakuna aliyemsogelea. Lori lilipoyumba kwenye kona, alisukumwa hadi karibu na dada yake, na lilipotulia hakurudi mahali pake.

"Dada."

Kidawa alikuwa akiitazama ile kona ya bonde. Ilikuwa bado inaonekana.

"Dada, umenikana mbele za watu."

"Nimekukana."

"Ungesema ndiyo, ningewapatia viwanja. Nilikuwa nimeshaahidiwa."

Hakumwuliza aliahidiwa na nani. Maji yaliifikia kona, yakaizunguka, yakapita juu yake bila hata povu, na hapakuwa na boya. Kidawa aligeuka akamtazama mdogo wake usoni kwa mara ya kwanza tangu siku ya hukumu. Hakuwa na hasira tena. Ilikuwa imekwisha pamoja na kila kitu.

"Nilikukana ili niliokoe bonde," alisema. "Bonde limekwenda. Sasa sijui nikurudishe kwa ajili ya nini."

Shaweji aliinamisha kichwa. Alipoinua uso machozi yalikuwa yakimtiririka mashavuni.

"Kwa ajili ya Mama," alisema.

Kidawa alimtazama. Aliyatazama macho, akautazama mdomo, akatafuta kila mahali usoni pake ajue kama aliyesema ni mdogo wake au ni ile semina. Hakuweza kujua, na hapo ndipo alipolia.